Daktari Hayupo Leo

Jumamosi, 4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Najua hukutegemea barua pepe kutoka kwangu. Jumapili ile ulipokuja na Shangazi nilikaa saa tatu nzima kwenye kile kiti cha pembeni nikipanga sentensi moja ya kukuambia, na ilipokuwa tayari ulishaanza kuvaa viatu. Ndiyo maana naandika. Mama anasema, "Huyu Kimya ukimpa kalamu anageuka redio."

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: nataka kujifunza kutengeneza bloku.

Klabu yetu ya kompyuta imekabidhiwa tovuti ya shule. Ukitaka kuandika ukurasa, kihariri, yaani sehemu ya kuandikia, kinakupa vipande vya kupanga kama matofali: bloku ya aya, bloku ya picha, bloku ya kitufe. Wenzangu wanapanga tu wanaridhika. Mimi nataka kujua tofali lenyewe linafyatuliwaje. Nataka bloku ambayo haimo kwenye orodha, kwa mfano kadi ya mwalimu, yenye picha, jina, somo na chumba anachokaa. Nimehangaika peke yangu wiki mbili. Nimefaulu kuifanya itokee kwenye orodha, halafu nilipoibonyeza ukurasa wote ukawa mweupe. Nilifurahi hivyo hivyo. Usimwambie mtu.

La pili ndilo zito. Baba amesema nikipata nafasi ya mafunzo hapo ofisini kwenu likizo ya mwezi wa nane, ataniacha niendelee na kompyuta mwaka ujao. Nisipopata, nakwenda kwa Mama Mdogo kushona sare za shule, na habari za kompyuta zinaishia hapo. Hakusema kwa ukali. Alisema huku akitafuta miwani yake. Lakini unamjua mjomba wako, akisema jambo huku anatafuta miwani ujue ameshaamua.

Unaweza kuniombea nafasi hiyo? Na kabla ya hapo, unaweza kunifundisha?

Mdogo wako,
Kimya


Alhamisi, 9 Machi

Marahaba Kimya,

Nimecheka peke yangu mezani mpaka jirani yangu akauliza kuna nini. Saa tatu kwa sentensi moja. Ungenivuta shati tu.

Umekuja kwa fundi mwenyewe, usijali. Siri za kuanzia si nyingi. Anza na kitu kidogo, bloku moja ifanye kazi moja, usitake ipike na ifue. Usianze na ukurasa mtupu. Kuna amri moja inakutengenezea folda nzima yenye mfano ndani, wewe kazi yako ni kubadilisha. Jina la bloku liwe na alama yako mbele ili lisigongane na la mtu mwingine. Na likikutokea lile sanduku la kukuambia bloku ina kitu kisichotarajiwa, usiogope, bonyeza "rekebisha" uendelee na maisha.

Nafasi ya mwezi wa nane ipo, ila ni moja. Msimamizi wetu ni mama mmoja hivi, hacheki, na hachukui mtu kwa undugu. Anataka kuona kazi. Kwa hiyo tufanye hivi: nakupa mazoezi, unanitumia, nasahihisha, tukifika Juni nampelekea yote kwa mkupuo.

Zoezi la kwanza. Badala ya mwalimu, tengeneza kadi ya daktari. Tuseme kuna zahanati, ya kubuni tu, ina madaktari kumi na wanne. Picha, jina, anatibu nini, siku zake za kazi, na chini neno la kuonyesha kama leo yupo au hayupo. Watu wa mapokezi waweze kulibadilisha wenyewe bila kumwita fundi. Jitahidi iwe tayari kabla ya Ijumaa tarehe 24. Fanya kana kwamba mteja kakaa hapo anakusubiri, ndivyo kazi inavyokuwa.

Kaka yako


Jumapili, 19 Machi

Kaka,

Nimemaliza. Folda nimeambatisha. Niliiandika upya mara nne.

Nina jambo la kukiri. Shuleni tunasomeshwa kwa lugha ile ya pili na msimbo wote, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, uko kwa lugha hiyo hiyo, basi nikiwa darasani naelewa kila kitu, nikifika nyumbani Mama akiniuliza "leo umefanya nini" nabaki nimefungua mdomo. Kwa hiyo safari hii nimeandika maelezo ndani ya msimbo kwa lugha ya nyumbani. Kila sehemu nimeeleza kwa nini nimeifanya hivyo, kana kwamba namweleza Mama. Ukiona ni utoto, yafute.

Lile sanduku ulilosema nibonyeze "rekebisha" lilinitokea mara nyingi, na kubonyeza kulinisaidia dakika mbili tu. Nikachimba. Kumbe mfano ule una sehemu mbili: moja inachora bloku mbele ya anayeandika, nyingine inaandika kitakachohifadhiwa kwenye ukurasa. Ukibadilisha hiyo ya pili baada ya ukurasa kuhifadhiwa, cha zamani na kipya havifanani, ndipo kihariri kinalalamika. Kwa hiyo nimeacha kabisa kuhifadhi sura ya kadi. Nahifadhi yale aliyojaza mtu wa mapokezi tu, halafu seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, ndiyo inayochora kadi kila mgeni anapofungua. Ni sawa? Au kuna njia bora mnayoitumia hapo?

Kingine. Neno la "yupo au hayupo" nimeliwekea chaguo-msingi, yaani lile linalotumika mtu asipochagua lolote. Nimeweka "Yupo leo". Daktari asipokuwepo, mapokezi wanachagua "Hayupo leo".

Naomba usahihishe bila huruma.

Kimya


Jumatatu, 27 Machi

Kimya,

Safi sana. Iko vizuri. Sina la kusahihisha kwa sasa, nimebanwa kweli kweli. Endelea hivyo hivyo. Msalimie Mjomba mwambie mwanae ana kichwa.

Kaka


Jumamosi, 15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Baba alifurahi na salamu, alizirudia mezani mara mbili. Mama akasema, "Kichwa anacho, mdomo ndio hatukumnunulia."

Hukunijibu kuhusu kuhifadhi na kuchora. Si kwamba nakusukuma. Ni kwamba hapa hakuna mtu mwingine wa kumuuliza. Mwalimu wa klabu akiniona na swali anakumbuka ana kikao. Hata ukiniandikia "hapana, umekosea" nitashukuru, kwa sababu sasa sijui kama najua.

Msimamizi umeshamtajia jina langu?

Kimya


Jumanne, 2 Mei

Mdogo wangu,

Samahani kwa kimya, wewe ndiye mwenye jina nami nimekuwa mwenye tabia.

Umefanya vizuri, kila kitu ulichofanya ndicho. Msimamizi nimemgusia, anasema tuone. Sasa zoezi la pili, dogo tu: kwenye ile ile kadi ya daktari ongeza namba ya simu, ukiibonyeza ipige. Mwisho Jumapili. Ukinitumia folda nzima iliyo tayari ni vizuri zaidi kuliko kunieleza nibadilishe nini na wapi, maana kuanza kuunganisha vipande ni kazi.

Kaka


Jumamosi, 6 Mei

Kaka,

Hii hapa. Namba ya simu imeingia, na nimeijaribu kwa simu ya Mama. Ilimpigia Mama Mdogo kweli, wakaongea nusu saa, ikabidi nisubiri.

Wakati naisoma upya niligundua kosa la mawazo yangu mwenyewe. Ile "Yupo leo" inayojiweka peke yake si nzuri. Fikiria mtu wa mapokezi anaongeza kadi ya daktari mpya, anaitwa na mgonjwa, anasahau kumalizia. Ukurasa unaahidi daktari yupo, kumbe hata kuajiriwa bado. Mgonjwa anafunga safari ya bure. Ni afadhali kadi isiahidi kitu mpaka mtu athibitishe. Kwa hiyo nimegeuza chaguo-msingi, sasa ni "Hayupo leo", na mapokezi wanachagua "Yupo leo" wakiwa na hakika. Ni neno moja tu lakini nililifikiria siku mbili. Kama unaona nimekosea niambie kabla hujampelekea Msimamizi, nitalirudisha.

Nimeijaribu kama kawaida yangu, nafuta ukurasa wangu wa majaribio naanza na kadi mpya. Inafanya kazi.

Kimya


Jumapili, 7 Mei

Imefika. Safi.

Kaka


Jumatatu, 8 Mei

Kimya, umefanya nini?

Madaktari wote kumi na wanne wameandikwa hawapo. Tangu jana jioni. Ukurasa mzima, "Hayupo leo", "Hayupo leo", kuanzia wa meno hadi wa watoto. Watu wamefungua simu zao asubuhi wakaona, wakakaa nyumbani. Mapokezi wao hufungua ukurasa daktari akiwa na udhuru tu, na leo hakuna aliyekuwa na udhuru, kwa hiyo hawakuona lolote mpaka saa sita, walipojiuliza mbona mabenchi matupu. Kuna mzee wa macho alikuwa na miadi aliyoisubiri miezi mitatu. Binti yake alimgeuza nusu ya safari baada ya kuangalia simu. Daktari wa macho huja mara moja kwa msimu na ameshaondoka.

Nilikuambia ongeza namba ya simu. Nani alikutuma kugusa kingine? Msimamizi ananiita kila baada ya nusu saa. Umeniharibia, nakuambia ukweli, umeniharibia vibaya.

Niambie sasa hivi ulibadilisha faili gani na narudishaje.


Jumatatu, 8 Mei

Kaka,

Faili linaloitwa kwa jina la bloku, lile fupi, mstari wa ishirini na tatu. Futa "Hayupo leo" andika "Yupo leo". Hifadhi. Usiguse kitu kingine. Wote watarudi papo hapo.

Nimekaa chooni shuleni kukuandikia hii.

Nimeelewa kilichotokea. Chaguo-msingi halihifadhiwi kwenye ukurasa. Mtu wa mapokezi akiliacha "Yupo leo" kama lilivyo, ukurasa hauandiki chochote, kila mara unaiuliza bloku. Siku nilipobadilisha jibu la bloku, kadi zote za zamani zikabadilisha jibu nazo. Kadi mpya haiwezi kuonyesha kosa hilo, na mimi nilijaribu kadi mpya tu, kwa sababu sikuwa na za zamani. Nilidhani hakuna za zamani popote duniani.

Uliniambia ni zahanati ya kubuni.

Kimya


Jumatano, 10 Mei

Kimya mdogo wangu,

Nimerudisha, imekaa sawa. Juzi niliandika kwa hasira, nisamehe.

Sasa sikiliza vizuri na usimwonyeshe mtu barua hii. Ndiyo, zahanati ni ya kweli. Kazi ilikuja nikiwa na kazi nyingine mbili, na ukweli ni kwamba mambo haya ya bloku mimi sikuyasoma, sisi tulijifunza tovuti za zamani, hizi bloku zimetukuta kazini. Kila mtu hapa anajifanya anajua. Nikaona mdogo wangu ana kiu na mimi nina shida, tusaidiane. Sikuwa na nia mbaya.

Shida ni kwamba kwenye faili la kwanza, mahali pa mwandishi, uliandika "Kimya" na anwani yako. Sikuona. Msimamizi ameona. Nimemwambia bloku niliandika mimi, kwamba nilipokuja nyumbani mwisho wa wiki mdogo wangu aliichezea kwenye kompyuta yangu, akabadilisha neno moja na kuweka jina lake kwa utani. Amesema atakuandikia mwenyewe. Akikuandikia, naomba useme hivyo hivyo.

Usinifikirie mimi, mfikirie Shangazi yako. Hakuna foleni anayosimama asimwambie aliye mbele yake kwamba mwanawe anatengeneza tovuti za madaktari. Mimi nina miaka ishirini na saba, nikitoka hapa nakwenda wapi? Wewe una kumi na sita. Watasema mtoto amekosea, watasahau kabla ya mwezi kuisha. Wakitulia nitakuombea ile nafasi, nakuahidi, niachie mimi.

Kaka yako


Alhamisi, 11 Mei

Kwa Kimya,

Sijui jina lako lingine, kwa hiyo nakuita kama ulivyojiandika. Mimi ni msimamizi wa kazi katika ofisi anayofanya kazi binamu yako.

Yaliyotokea Jumatatu umeshayasikia, sitayarudia. Ninachotaka kujua ni kimoja. Nimekaa na bloku hii jioni mbili. Aliyeiandika ameacha maelezo ndani yake, na maelezo hayo hayasemi tu msimbo unafanya nini, yanasema kwa nini. Anaeleza kwa nini hakuhifadhi sura ya kadi, anaeleza alichojaribu kikashindikana. Pale alipobadilisha chaguo-msingi ameandika mistari mitano kumtetea mgonjwa ambaye hajawahi kumwona. Badiliko lilikuwa kosa, tena kosa kubwa, lakini ni kosa la mtu anayefikiri. Wa namna hiyo sipati wengi.

Binamu yako anasema bloku ni yake na wewe ulibadilisha neno. Huenda ni kweli. Nimemwomba anieleze mistari miwili akasema atajiandaa.

Nina nafasi moja ya mafunzo mwezi wa nane. Nakuuliza waziwazi: nani aliandika bloku hii?

Nijibu wewe mwenyewe, kwa maneno yako.

Msimamizi


Jumapili, 14 Mei

Kwa Msimamizi,

Shikamoo.

Bloku aliiandika binamu yangu. Mimi nilibadilisha chaguo-msingi na kuongeza ile mistari mitano, na jina langu niliweka kwa utani. Sikuomba ruhusa. Naomba radhi kwa zahanati na kwa wagonjwa, hasa yule mzee wa macho. Kama kuna njia ya kujua amepewa miadi mingine lini, ningeomba kujua.

Binamu yangu ana aibu ya kuongea mbele za watu, ndiyo maana hakuweza kueleza. Kwenye ukoo wetu tuko wengi hivyo.

Kimya


Jumanne, 16 Mei

Kwa Kimya,

Nimepokea jibu lako. Asante kwa kukiri.

Basi sitaweza kukupa nafasi. Aliyeandika ningemchukua pamoja na kosa lake. Anayeingia kwenye kazi ya mwenzake bila ruhusa na kubadilisha kitu kinachotumiwa na watu, siwezi kumkalisha kwenye kompyuta zetu. Natumaini utanielewa.

Kwa kuwa inaonekana una hamu na mambo haya, nakuachia mawili ya kuanzia. Kabla ya kugusa chaguo-msingi la bloku, uliza kwanza kama kuna kurasa zinazoitumia. Na ukijaribu badiliko, lijaribu kwenye ukurasa wa zamani, usiishie kwenye mpya. Ukizingatia hayo peke yake utakuwa mbele ya wengi.

Mzee hajapewa tarehe. Nitaendelea kuuliza.

Msimamizi


Jumapili, 21 Mei

Kimya wangu,

Umeniokoa. Sijui niseme nini. Msimamizi amenyamaza, na Alhamisi kwenye kikao alisema mbele ya wote kwamba msimbo wa kadi ya daktari ni mfano wa kuigwa, kila mtu aandike maelezo kama yale. Nilitamani ungekuwepo usikie.

Ile nafasi naona mwaka huu ameipa mtu mwingine, lakini mwaka ujao bado upo. Usikate tamaa, wewe bado mdogo.

Sasa kuna kitu. Kwa sababu ya sifa zile nimepewa kazi nyingine pale pale zahanati, bloku ya ratiba ya zamu za wauguzi. Na Ijumaa hii tarehe 26 natakiwa kukaa na wenzangu wote mezani, kompyuta iko wazi ukutani, niwaeleze nilivyoiandika, mstari kwa mstari. Tuseme ni zoezi la tatu. Safari hii najua unajua ni la kweli, sikufichi. Andika maelezo mengi mengi kama yale, nitayasoma kabla. Nitumie kufikia Jumatano.

Kitu kidogo tu: Mama alinibana akataka kujua kwa nini nilikuwa sili wiki ile, ikabidi nimweleze kidogo. Kama atapiga simu huko nyumbani, kubaliana naye tu.

Kaka


Jumatano, 24 Mei

Kaka,

Nimeambiwa nikuandikie barua ya kuomba radhi.

Shangazi alipiga Jumatatu. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa ili wote tusikie habari za wagonjwa na harusi, na mimi nilikuwa nakunja nguo. Akasema, "Kaka yangu, mwanao kidogo tu amwachishe mwanangu kazi."

Baba akasema, "Yupi? Huyu? Huyu hata chumvi iliyo mbele ya mwenzake haombi."

Shangazi akasema, "Hao hao wasiosema. Kaingia kwenye kompyuta ya mtoto, kavuruga kazi yake, kajiandika jina. Kwa wivu tu. Na yule kwa moyo wake amemnyamazia."

Baba akaniangalia. Nikapanga sentensi. Unajua ninavyopanga. Nilikuwa na shati lake mkononi, nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja, na ilipokuwa tayari simu ilishakatwa na Baba ameshatoka uani. Mama akaniuliza polepole, "Ni kweli?" Nikaitikia kwa kichwa. Nilishakubali kwa maandishi, niliona haina maana nikatae kwa mdomo.

Kwa hiyo mwezi wa nane nakwenda kwa Mama Mdogo. Baba alitamka jana, bila kutafuta miwani, ilikuwa machoni tayari. Alisema kompyuta si mbaya, ila si kwa mtu anayeonea wivu ndugu yake. Jioni ile ile Mama Mdogo alikuja kunipima urefu wa mkono akasema nina vidole vizuri vya kushona vifungo. Anamaanisha wema.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipomwandikia Msimamizi ule uongo sikuona uzito wowote. Niliona hata raha kidogo. Nilijiona mtu mkubwa anayebeba mwenzake. Jibu lake lilipokuja nililisoma nikiwa nimesimama, nikafika pale anaposema "aliyeandika ningemchukua pamoja na kosa lake", nikakaa chini. Nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua zako zote. Yale mawili aliyoniachia ya kuanzia niliyajua tangu Machi, Kaka. Nilikuandikia kwamba cha zamani na kipya vikipishana bloku inaharibika. Ungenijibu tu "kuna kurasa zinaitumia", nisingeligusa lile neno. Nililitaja kwenye barua, tena nikakuomba uniambie kama nimekosea. Uliandika "Imefika. Safi."

Sasa najua kwa nini ulitaka folda nzima na si maelezo. Sina hasira ya kutojua kwako. Mimi mwenyewe sijui mengi. Nina hasira kwamba miezi miwili nilikuwa nakuuliza maswali na wewe unaniambia niko sawa, na nilikuamini, nikadhani kuna mtu anayenisoma.

Yule mzee wa macho ndiye ninayemwomba radhi, na sijui jina lake wala mahali anapokaa. Kosa lile ni letu wawili. Nimejaribu kuligawanya na sijaweza.

Bloku ya ratiba sijaandika. Usifungue viambatisho, hakuna. Nilianza Jumatatu kabla simu haijalia, nilishafikia zamu za asubuhi, na jana nimeifuta yote. Sitamwandikia Msimamizi kumweleza lolote. Nimeshampa neno langu, na akiniuliza tena nitalirudia lile lile. Shangazi ataendelea kusimama kwenye foleni zake, mimi sitamharibia. Ila Ijumaa utakaa mezani na wenzako na kompyuta iko ukutani, na watakuuliza kwa nini umeandika hivi na si vile, nami nitakuwa darasani nasoma historia.

Una siku mbili. Ni chache, lakini hata mimi nilianza na ukurasa mweupe.

Baba yuko mlangoni anasubiri niitume. Ameniuliza kama nimeomba radhi vizuri. Nimemwambia ndiyo.

Kimya